Dawa, mazungumzo au vyote viwili? Anza na kile wasiwasi ulichokunyang'anya

Neno "wasiwasi" tumelizoea mno. Mteja akiulizia mzigo wake tunamwambia aondoe wasiwasi. Dereva wa bodaboda anayetaka kupenya katikati ya malori mawili husema, "Usiwe na wasiwasi, bosi." Kwa hiyo siku nilipomwambia mama mkubwa kwamba nina wasiwasi, alinijibu kwa upole kabisa, "Nani hana, mwanangu?" Sikuwa na neno jingine la kumpa. Na neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, linakotajwa kama minong'ono ya Shetani moyoni, kwa hiyo hata ukilitamka kwa uzito, wengi watakuonesha njia ya msikitini au kanisani kabla ya njia ya zahanati.

Wa kwangu ulianzia ndani ya mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar, asubuhi moja, kati ya Manzese na Magomeni. Moyo ulianza kwenda mbio bila sababu, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, nikawa na hakika kwamba nakufa. Nilishuka Magomeni nikakaa chini ukutani. Baada ya kama dakika ishirini nilikuwa mzima, nimelowa jasho, na nimechelewa kazini. Miezi minne iliyofuata nilipima malaria mara tatu, taifodi mara mbili, sukari, presha na kipimo cha umeme wa moyo. Kila jibu lilikuwa safi. Kituo kimoja binafsi kilinichoma sindano ya kutuliza, kikanifungia na vidonge vya diazepamu kwenye bahasha, bila neno lolote kuhusu siku ngapi nivimeze.

Tangu hapo nimeombewa, nimekaa na mwanasaikolojia, nimemeza dawa ya daktari wa akili, na mwishowe nikachanganya. Ninalinganisha hapa kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa, mwenye pesa kidogo na maswali mengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na ni kama mmoja tu kati ya wanne wanaohitaji tiba anayeipata. Naamini wengi wa hao watatu waliobaki hawajakataa tiba. Wako kwenye foleni ya kupima taifodi.

Kwanza hakikisha ni huo

Vipimo si upuuzi, ila viwe na kikomo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya mbio, mikono kutetemeka na kukonda. Upungufu wa damu huleta mapigo na kuishiwa pumzi. Dawa ya pumu ya kuvuta, kahawa nyingi, vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, na kuacha pombe ghafla baada ya kuinywa muda mrefu, vyote vinaweza kukutia mtetemo unaofanana na hofu. Mwambie daktari hayo yote kwa uwazi, hata ya pombe. Akishapima damu, tezi na moyo mara moja vizuri, kipimo cha tatu cha kitu kilekile hakitafuti ugonjwa tena. Kinakulisha wasiwasi wenyewe.

Kuna dodoso fupi liitwalo GAD-7, lililotolewa mwaka 2006, lenye maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 21. Ukifika 10 na kuendelea, inafaa umwone mtaalamu. Si hukumu, lakini ni kitu cha kushika mkononi unapoingia kwa daktari, badala ya kusema tu "sijisikii vizuri".

Vidonge na mazungumzo, bega kwa bega

Watu huuliza kipi bora, mimi naona swali hilo linapoteza muda. Ugonjwa wa hofu ya ghafla, kama wangu wa kwenye basi, na wasiwasi wa kudumu, yote mawili yana tiba mbili zilizothibitishwa: dawa za lile kundi la setralini, fluoksetini na esitalopramu, na tiba ya fikra na matendo ambayo wataalamu huiita CBT. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 umezikubali zote. Swali lenye faida ni hili: wasiwasi umekunyang'anya nini?

Mimi mwanzoni ulininyang'anya mahali. Sikupanda tena mwendokasi. Nikahamia bodaboda, kisha nikaanza kukwepa foleni za benki, kisha harusi. Mtu aliyenyang'anywa mahali anahitaji mtu wa kumrudisha pale, na kidonge hakikuoneshi njia. Tiba ya fikra na matendo ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Watu hudhani ni kukaa kwenye kochi ukisimulia ya utotoni. Kikao changu cha tatu, mwanasaikolojia alinizungusha kwenye kiti cha ofisi mpaka nikapata kizunguzungu, kisha akanipa mrija nipumulie humo huku nimeziba pua. Moyo ukaenda mbio vilevile kama kwenye basi. Akasema, "Haya, kaka, kaa nao. Usifanye lolote." Tukakaa. Ukashuka wenyewe. Siku hiyo nilielewa kwamba mwili wangu ulikuwa na kengele mbovu. Jambazi hakuwepo.

Baada ya hapo tulipanga ngazi. Kwanza kusimama kituoni Ubungo bila kupanda. Kisha Ubungo hadi Shekilango, kituo kimoja, saa tano asubuhi basi likiwa na nafasi. Kisha hadi Magomeni. Kisha hadi Kivukoni. Mwisho kabisa ni Kimara hadi Kivukoni saa moja asubuhi. Sheria ilikuwa moja: sishuki wakati hofu iko kileleni, maana nikishuka hapo ubongo unaandika kwamba kushuka ndiko kulikoniokoa. Aliniuliza pia, "Hiyo chupa ya maji ni ya nini?" Sikuwa nimeiona kama kitu. Ilikuwa hirizi. Nilikuwa naamini bila kujua kwamba bila maji mkononi nitaanguka, na ilibidi niiache nyumbani.

Sasa upande wa pili. Katikati ya ngazi hiyo ulininyang'anya usingizi. Nilikuwa nalala kwa saa mbili tu usiku mzima, nikifika kikaoni nasikia sauti tu, maneno hayaingii. Kazi za nyumbani nilizopewa sikuzifanya. Vikao viwili vikapita hivyo, pesa imekwenda. Mwanasaikolojia mwenyewe ndiye aliyesimamisha mambo akaniandikia barua nimwone daktari wa akili. Nilimheshimu zaidi kwa barua ile kuliko kwa mrija.

Daktari alinipa setralini, nusu dozi kwa wiki ya kwanza. Nikasoma karatasi ya ndani ya boksi, nikakuta ni dawa ya sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Nilikaribia kuirudisha, kumbe dawa hizo hutibu magonjwa yote mawili, na jina la sonona lilitangulia tu. Kuna mambo matatu kuhusu dawa hizi ambayo usipoambiwa utaziacha siku ya tano. La kwanza, hazifanyi kazi siku hiyo. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya sita. La pili, siku za mwanzo zinaweza kukuongezea wasiwasi, kichefuchefu na kichwa kuuma, kabla ya kupoa. Kijana wa chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki hizo, kwa sababu mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. La tatu watu huficha: zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kufika mwisho. Mwambie daktari, dozi hurekebishwa au dawa hubadilishwa. Nawajua wanaume wawili walioziacha kimyakimya kwa sababu hiyo, na wote wawili hofu iliwarudia.

Ukishapona, dawa huendelea miezi 6 hadi 12, kisha hupunguzwa taratibu. Si uraibu, lakini ukikata ghafla utapata kizunguzungu na vishtuko kama vya umeme kichwani. Kwa wajawazito, wanaonyonyesha, na mtu aliyewahi kupandwa na furaha isiyo ya kawaida akakaa siku kadhaa bila kulala, hayo yasemwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Wiki ya sita nililala usiku kucha. Nilirudi kwa mwanasaikolojia na ngazi ikaendelea kutoka tulipoishia.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2000 David Barlow na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la watu 312 wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla. Dawa ya wakati ule, imipramini, na CBT zote zilisaidia kuliko kidonge kisicho na dawa. Tofauti ilijitokeza tiba ilipokoma: waliojifunza CBT bila imipramini walishikilia nafuu yao vizuri zaidi. Kwa watoto na vijana wa miaka 7 hadi 17 picha ni nyingine kidogo. Jaribio la mwaka 2008 lenye watoto 488 lilikuta walioboreka sana walikuwa asilimia 81 kwa waliopewa setralini pamoja na CBT, 60 kwa CBT peke yake, 55 kwa setralini peke yake, na 24 kwa kidonge kisicho na dawa. Mzazi anayesita kati ya viwili kwa mtoto aliyeacha kwenda shule aanzie kwenye tarakimu hizo.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Umenyang'anywa mahali na watu, lakini unalala na kula: anza na mazungumzo. Umenyang'anywa usingizi, chakula na uwezo wa kusikiliza: anza na dawa, mazungumzo yafuate ukishaweza kukaa. Umenyang'anywa vyote, au una sonona juu yake: vyote kwa pamoja tangu mwanzo. Na kama mtaani kwako hakuna anayejua CBT, dawa iliyosimamiwa vizuri si tiba ya daraja la pili.

Vile vidonge vya kwenye bahasha

Diazepamu ndiyo inayotamanika kuliko zote, kwa sababu ndani ya nusu saa dunia inanyamaza. Ndiyo tatizo lake. Ndani ya wiki chache mwili unaanza kuidai, dozi inapanda, na ukichanganya na pombe pumzi inaweza kusimama. Mwongozo ule wa 2023 haushauri itumike kutibu wasiwasi wa kudumu wala ugonjwa wa hofu ya ghafla. Tena inaharibu ngazi: ukipanda basi umeimeza, ubongo unajifunza kwamba kidonge ndicho kilichokufikisha. Ukiwa umeshaitumia miezi, usiitupe leo. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege, mwone daktari aipunguze.

Propranolo ni jambo tofauti. Hupunguza mapigo na kutetemeka, inafaa kwa mtu anayeogopa jukwaa siku moja moja, haitibu mzizi, na mwenye pumu asiiguse.

Nani ni nani

Majina yanachanganya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hajasomea udaktari, haandiki dawa, kazi yake ni tiba ya mazungumzo. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, wanafundishwa wa aina zote mbili. Mshauri nasaha anaweza kuwa na shahada, cheti cha wiki chache, au kipaza sauti tu. Kenya wana Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi yake, kwa hiyo aliyeko Mombasa au Nairobi aulize namba ya usajili bila aibu. Popote ulipo, uliza maswali matatu kwenye simu: umesomea wapi, umewatibu wangapi wenye hofu kama yangu, na tutajuaje kwamba inafanya kazi? Akijibu la tatu kwa "tutaona tu", endelea kupiga simu.

Na usidharau asiye na shahada aliyefunzwa kazi moja vizuri. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja kwa hatua. Wao kwa Kishona ugonjwa wanauita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, neno ambalo mama mkubwa angelielewa mara moja. Jaribio lililofanyika kwenye zahanati 24 za Harare likiwa na watu 573, matokeo yake yakatoka mwaka 2016, lilionesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Zanzibar pia. Kwa mtu ambaye wasiwasi wake umefungwa na deni, ndoa au ada ya shule, benchi la namna hiyo linaweza kumfaa kuliko mrija wangu.

Hospitali ya umma au kliniki binafsi

Kwanza tumalize aibu. Dar mtu akiropoka anaambiwa apelekwe Milembe, wakimaanisha Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Nairobi watamtajia Mathari, Kampala Butabika, Unguja Kidongo Chekundu. Basi mtu akiona kibao cha Kliniki ya Afya ya Akili anageuza mguu. Mimi nilizunguka jengo mara mbili. Ndani nilikuta mwalimu, mama muuza vitenge, na kijana wa chuo akisoma. Hakuna aliyenitazama, kila mtu alikuwa akiomba asitazamwe.

Umma ni nafuu kwa pesa na ghali kwa muda. Kliniki huwa na siku zake, unafika alfajiri, na unaweza kukutana na daktari mwingine kila ziara, hivyo andika kwenye daftari dawa, dozi na tarehe ulizoanza. Kwa dawa, njia hii inatosha kabisa: ziara moja kwa mwezi, kisha kila miezi kadhaa. Kwa mazungumzo ya kila wiki, mara nyingi foleni inakushinda. Binafsi ni kinyume chake: saa nzima, mtu yuleyule, mlango wa pembeni, na bili. Mimi nilichanganya, dawa kwa umma na vikao kwa binafsi, na sijajuta. Kabla ya yote ulizia kadi yako ya bima inalipia nini hasa. Kumwona daktari ni jambo moja, vikao vya mwanasaikolojia ni jingine, na usikubali jibu la "inategemea" kutoka dirishani.

Ana kwa ana au kwa simu

CBT kwa simu ya picha hufanya kazi kwa wengi karibu sawa na ya ofisini. Kwa Mswahili wa Muscat au Minneapolis anayetaka kulia kwa lugha yake, ndiyo mlango pekee ulio wazi. Shida yake kwetu ni ukuta. Ukipanga chumba na sebule na shemeji yuko upande wa pili, hutasema ya ndoa. Rafiki yangu alikuwa akifanya vikao ndani ya gari la mjomba wake lililoharibika, vioo vimepandishwa, feni ya mkononi. Alipona. Lakini kwa mtu aliyefikia kutotoka nje kabisa, simu inaweza kugeuka chupa ya maji: vikao vya mwanzo sawa, baadaye lazima utoke.

Kisomo, maombi na mganga

Nilisomewa na shehe wa mtaa, na shangazi upande wa kanisani akaniombea kwa simu. Vilinituliza, na sitaki kuwabeza. Kujua kuna watu wanakutaja usiku si jambo dogo. Shehe yule aliniambia maneno ambayo hospitali haikuniambia: "Tibiwa, huku tunakuombea." Kipimo changu ni hicho hicho. Anayekuombea na kukuhimiza kumaliza dozi, mshike mkono. Anayesema dawa ni kukosa imani, anayetaka kuku wa rangi fulani kila wiki, au anayekupa jina la jirani aliyekuroga, atakuongezea hofu mpya juu ya ile ya zamani.

Usilinganishe chochote

Kama unawaza kujiua, au umeanza kupanga namna, acha kulinganisha. Mwambie mtu mmoja sasa hivi akupeleke hospitali ya karibu, asikuache peke yako njiani. Vivyo hivyo maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi na kupoa ukipumzika: hayo ni ya moyo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Kama una pesa ya vikao vinne tu

Miongozo ya Uingereza hutaja vikao 12 hadi 15 kwa wasiwasi wa kudumu, na saa 7 hadi 14 kwa jumla kwa hofu ya ghafla. Wengi wetu hatufiki huko. Basi mwambie mtaalamu kwenye simu, kabla hujaketi, "Nina pesa ya vikao vinne." Mzuri hataudhika, atapanga upya. Cha kwanza kitumike kuchora hofu yako: inaanza wapi, unafanya nini ikija, unakwepa nini. Cha pili, kuiamsha hapo hapo ofisini na kukaa nayo. Cha tatu, kuandika ngazi yako mwenyewe, vituo vyote mpaka cha mwisho, kwa mkono wako. Kisha usirudi kwa mwezi mzima. Panda ngazi mwenyewe, mara nne au tano kwa wiki, ukiandika alama ya hofu kabla na baada. Cha nne kiweke kwa ajili ya pale utakapokwama. Mimi nilikwama Fire, vituo vichache tu kabla ya Kivukoni, na nikakaa hapo wiki tatu.